Picha moja kila wiki, mwaka mzima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nimeulizwa na watu tofauti tofauti mpaka nikaona bora niyaweke sehemu moja. Mwaka wa kwanza nilimaliza, wa pili nikaishia njiani wiki ya 31, saa hii niko kwenye wa tatu. Kwa hiyo majibu mengine yanatoka kwenye kufanikiwa na mengi yanatoka kwenye kuharibu. Nimeyapa namba ili nisirudie jambo moja mara tano.

## Mwanzo kabisa

1. Huu mradi ni nini hasa?

Unachagua wiki ya kuanza, halafu kila wiki unatoka na kurudi na picha moja ya asili au mandhari ya hapo unapoishi. Mti, mto, anga, mdudu, kilima, majani yaliyooza chini ya mti, chochote. Nyumba au barabara ikiingia sio kesi, ila kinachobeba picha kiwe ni asili. Ukimaliza mwaka unakuwa na picha 52.

Sheria zangu ni mbili tu. Picha ipigwe ndani ya wiki yake, na inayohesabiwa iwe moja hata kama ulipiga mia mbili (namna ya kuichagua iko swali la 19). Hiyo ya kwanza ndo watu wengi wanaivunja, wiki inakuwa ngumu basi mtu anachomoa picha kali ya mwezi uliopita anaibandika. Hakuna atakayekukamata kweli, lakini ukishafanya mara moja utafanya tena, na mwisho wa mwaka utakuwa na albamu ya picha nzuri tu ambayo ungeweza kuwa nayo bila mradi wowote.

2. Lazima nianze Januari?

Hapana. Anza wiki hii hii, maana anayesubiri Januari kawaida anasubiri Januari nyingine tena. Kitu cha kuamua mapema ni wiki yako inaanza siku gani. Mi naanza Jumatatu inaisha Jumapili usiku, kwa sababu wikiendi ndo nina nafasi, na inakuwa mwishoni kama nafasi ya kujiokoa. Kama wewe uko bize wikiendi geuza, wiki yako ianze Alhamisi, hakuna atakayekuuliza.

3. Kwa nini kila wiki, si bora kila siku?

Ya kila siku nilijaribu, nikafika siku ya 40 na kitu hivi. Tatizo lake kwa picha za asili ni kwamba kazi yenyewe ni kusubiri: unaona leo ua limefunga, unajua kesho kutwa litafunguka, unarudi. Ukiwa na deni la kila siku hupati muda wa kusubiri, unapiga kile kilicho karibu na kitanda, na saa tano usiku unajikuta unapiga picha ya jani la kwenye chungu cha sebuleni kwa mwanga wa taa ilimradi siku isipite.

Kwa mwezi nako ni mbali mno, unasahau kabisa. Wiki inakutosha kuona kitu, kukikosa, na kukirudia.

4. Ninapoishi hamna kitu cha kupiga, nifanyeje?

Hili ndo swali namba moja kwa kuulizwa, na linaulizwa sawasawa na watu wa mjini na watu wanaoishi chini ya mlima. Huyo wa chini ya mlima ameuzoea.

Picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani ilipigwa dirishani. Mfaransa Nicéphore Niépce, mwaka 1826 au 1827, alielekeza kamera yake nje ya dirisha la juu nyumbani kwake, akapata mapaa, ukuta, mti na kipande cha anga. Ilichukua angalau saa nane hivi kwa jinsi dawa yake ilivyokuwa nzito kushika mwanga, mpaka jua likaangaza kuta za upande huu na za upande ule kwenye picha hiyo hiyo moja. Yani hakwenda popote, na watu bado wanaiangalia.

Kwa vitendo fanya hivi: toka nje, simama sehemu moja dakika 15 bila kamera mkononi. Dakika tano za kwanza utaona aibu. Baada ya hapo ndo vitu vinaanza kutokea. Mi kwangu kuna ukuta wa nyuma wenye unyevu, nilipita pale miaka bila kuuangalia. Wiki ya 9 ya mwaka wa kwanza nikachuchumaa, nikakuta kuna kuvumwani ya kijani iliyopoa, ndani yake vijiti vyembamba kama uzi vimesimama na kila kimoja kimebeba tone la maji kichwani, na ndani ya kila tone ukuta wote uko juu chini. Hiyo picha nimeulizwa mara nyingi ni msitu gani.

5. Nisiende mbali kiasi gani?

Weka mpaka, hata ukiwa wa kujitungia tu. Wangu ni mwendo wa mguu wa nusu saa kutoka mlangoni. Bila mpaka kila wiki utaanza kuwaza "nikipata usafiri nikafike kule", na usafiri haupatikani, na wiki imeisha. Ukiwa na mpaka unajua una vitu gani: mti ule mkubwa, mfereji, kiwanja chenye magugu, kilima kidogo. Vikiwa vichache unavijua mpaka tabia. Ukisafiri soma swali la 24.

## Vifaa

6. Simu inatosha?

Inatosha, na nusu ya picha zangu za mwaka wa kwanza ni za simu. Simu ina nguvu kwenye mandhari mapana, mawingu, vitu vya karibu sana, na kila sehemu ambayo kamera kubwa ungeiacha nyumbani. Inapofeli ni vitu vya mbali (ndege, mnyama, mwezi) na mwanga mdogo kitu kikiwa kinatembea.

Mambo matatu ukiyafanya utaona tofauti siku hiyo hiyo. Futa lenzi kwa kitambaa safi, maana simu inakaa mfukoni na vidole vina mafuta, ule ukungu unaouona kwenye picha zako mara nyingi ni mafuta. Gusa skrini pale unapotaka fokasi, halafu buruta kidole chini kupunguza mwanga (simu nyingi ziko hivyo). Na usivute zum ya vidole, sogea kwa miguu, kwa sababu ile zum ikishapita lenzi zake halisi inakata tu picha na kuikuza.

7. Nikiongeza kifaa kimoja tu, kiwe kipi?

Tripodi, kile kisimamio cha miguu mitatu. Sio lenzi. Hata ile ndogo ya simu. Inakuruhusu kupiga alfajiri na jioni bila kutetemeka, inakuruhusu maji ya swali la 12, na zaidi ya yote inakupunguza kasi. Ukishaifunga kamera kwenye tripodi unaanza kuona kwamba kuna kijiti kinaingilia kona ya kushoto, kitu ambacho ukiwa mkononi usingekiona mpaka ufike nyumbani.

Kama huwezi kupata kwa sasa, jiwe na kitambaa kilichokunjwa vinafanya kazi, weka taima ya sekunde mbili ili kidole chako kisitikise.

8. RAW au JPEG?

RAW ni faili ghafi la kamera, JPEG ni picha ambayo kamera imeshaipika na kuibana. Kama unaediti piga RAW, kama huediti piga JPEG usijitese. JPEG ya kawaida ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 12 ina ngazi 4,096 na ya biti 14 ina 16,384. Maana yake ni kwamba kivuli kilichoonekana cheusi kwenye JPEG, kwenye RAW kinaweza kuwa na majani ndani yake na ukayavuta yakatoka. Hasara ni ukubwa wa faili. Ukipiga picha 100 kila wiki na kila faili ni MB 25 hivi, mwaka unakupa GB 130. Kwenye kutunza (swali la 21) hapo ndo itakuuma.

## Mwanga na kupiga

9. Saa gani ni nzuri kutoka?

Muda mfupi baada ya jua kuchomoza na muda mfupi kabla ya kuzama, hili kila mtu anajua. Wasichoambiwa wengi ni kwamba urefu wa huo muda unategemea uko wapi duniani. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa. Karibu na Ikweta jua linashuka karibu wima, kwa hiyo zile digrii sita za mwisho juu ya upeo wa macho zinaisha ndani ya dakika 24 hivi. Ukienda mbali kaskazini au kusini jua linateremka kwa kulala, na ule mwanga wa dhahabu unakaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukisoma mahali mtu anasema ana "saa nzima ya mwanga mzuri", usishangae wewe ukifika dakika kumi umechelewa umekuta umeisha. Fika mapema, chagua fremu kabla.

Halafu usiondoke jua likizama. Dakika kama 15 hadi 20 baadaye anga inakuwa bluu nzito na mwanga unakuwa laini kabisa hauna vivuli, na kila mtu ameshaenda zake.

Mchana wa jua kali nao una kazi zake. Ndani ya msitu wenye kivuli, majani yanayopitisha mwanga ukiyaangalia kwa chini, na magome ya miti yenye mikunjo, hapo jua la pembeni linachora kila mstari. Ila mandhari mapana saa sita mchana mi sipigi.

10. Mbona anga inatoka nyeupe tupu au ardhi nyeusi tii?

Kwa sababu anga inang'aa kuliko ardhi na kamera haiwezi kubeba vyote kama jicho lako. Chagua kimoja. Kanuni yangu ni kulinda anga: punguza mwanga mpaka mawingu yaonekane, ardhi utaivuta baadaye kwenye kuediti, maana sehemu iliyoungua ikawa nyeupe haina kitu ndani cha kuvuta. Simu nyingi zina HDR inayounganisha picha kadhaa yenyewe, inasaidia, ingawa wakati mwingine inafanya kila kitu kionekane kimepakwa rangi.

Njia nyingine ni rahisi kuliko zote. Kama anga ni nyeupe haina mawingu wala rangi, itoe kwenye fremu. Shusha kamera, piga kilicho chini.

11. Mwezi unatoka kama doa jeupe, nakosea wapi?

Mambo mawili. La kwanza, mwezi ni mdogo sana kuliko akili inavyokwambia, upana wake angani ni nusu digrii tu, kwa lenzi ya kawaida ya simu haufiki hata sehemu moja ya mia ya upana wa picha. La pili, kamera inaona usiku inaongeza mwanga, wakati mwezi mpevu wenyewe umepigwa na jua moja kwa moja. Upige kama kitu cha mchana: ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) 100, f/11 (upana wa tundu la lenzi, namba ikikua tundu linapungua), shata (muda kamera inapokea mwanga) 1/125 ya sekunde, halafu rekebisha kidogo kidogo.

Kama unataka mwezi na mandhari pamoja, ngoja siku ya mwezi mpevu, unachomoza karibu na wakati jua linapozama, hivyo ardhi bado ina mwanga. Siku inayofuata unachelewa kwa wastani wa dakika 50, na giza limeshaingia. Mi nilipanga ya wiki ya 14 nikaenda siku inayofuata kwa uvivu, nikapata taa moja kwenye weusi.

12. Maji yanayoonekana laini kama pamba yanapigwaje?

Shata ikae wazi muda mrefu, nusu sekunde mpaka sekunde mbili, kamera imetulia kabisa (swali la 7). ISO iwe chini, f/11 au f/16. Ukipeleka f/22 kila kitu kinaanza kulegea kidogo kwa sababu mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana unatawanyika. Siku ya mawingu ni bora, mchana wa jua bila kichujio cheusi mwanga utakuwa mwingi mno. Na usifanye kila maji hivyo tafadhali, wimbi linalopasuka kwenye mwamba lina sura, ukililainisha unalifuta.

13. Ndege na wadudu hawatulii!

Ndege anayeruka anataka shata 1/1000 mpaka 1/2000, aliyetua hata 1/250 inatosha. Ila ukweli ni kwamba setingi ni sehemu ndogo. Kubwa ni kujua anarudi wapi. Kereng'ende kwa mfano ana kijiti chake, akiondoka mara nyingi anarudi pale pale, kwa hiyo badala ya kumkimbiza weka fokasi kwenye kile kijiti, kaa chini, subiri. Nilikaa pembeni ya dimbwi dakika 40, nikakosa mara sita, ya saba akatua ananitazama usoni kabisa.

Kwa wadudu wengine nenda asubuhi na mapema kukiwa na ubaridi. Miili yao inategemea joto la nje, bila joto hawana nguvu ya kuruka, unampiga kipepeo akiwa na umande kwenye mbawa na hasogei. Shuka mpaka usawa wa macho yake. Nguo zitachafuka, ndo hivyo.

14. Mvua ikinyesha wiki nzima?

Basi wiki hiyo umepata bahati. Magome yanakuwa na rangi, mawe yanang'aa, ukungu unatenganisha miti ya mbele na ya nyuma, matone yapo kila sehemu bure. Funika kamera kwa mfuko wa plastiki umetoboa tundu la lenzi, au simama kibarazani upige kinachoonekana.

Cha kuogopa ni ukirudi. Kamera iliyopoa ukiiingiza kwenye chumba chenye joto inatoka jasho ndani mpaka kwenye vioo. Ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa ukiwa bado nje, iache ndani ya mfuko mpaka ilingane na joto la chumba, ndo ufungue. Lenzi ikikaa na unyevu muda mrefu inaota kuvu, weka vile vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu kwenye begi.

## Katikati ya mwaka

15. Nimeruka wiki moja, nimeshafeli?

Hapana, ila usiijaze kwa kudanganya. Mi naacha pengo, naandika namba ya wiki na sababu kwa maneno machache. "Wiki ya 22, nimelala." Mwaka wangu wa kwanza una mapengo mawili na wala hayanisumbui. Kilichoniua mwaka wa pili ni kujaribu kulipa, niliruka wiki tatu nikasema nitapiga nne kwa siku moja, nikashindwa, nikaona aibu, nikaacha mradi wote.

16. Nimefika wiki ya 20 hivi sina tena wazo lolote, ni kawaida?

Kawaida kabisa. Mwanzoni unamaliza vitu vya wazi vyote, machweo, ua, mti pekee kilimani, halafu ukame. Hapo wengi wanaacha, na mi naona hapo ndo mradi unaanza maana sasa inabidi uangalie.

Dawa yangu ni kubana zaidi. Wiki nzima lenzi moja. Au kitu kimoja tu. Kuna mkulima wa Marekani, Wilson Bentley, alipiga picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji kwa hadubini Januari 1885, akaendelea hapo hapo kwao zaidi ya miaka 40 mpaka akawa na zaidi ya picha 5,000 za kitu hicho hicho kimoja. Wewe unaishiwa na wiki ya 20.

Nyingine, piga usichopenda. Mi nilichukia magugu ya kile kiwanja, nikajilazimisha, nikagundua yana mbegu zenye miiba iliyopinda kama ndoano, ndo maana zinanasa kwenye suruali.

17. Naruhusiwa kurudia sehemu moja?

Sio kuruhusiwa tu, nakushauri uchague sehemu moja uipige mara nyingi kadri unavyoweza, simama pale pale, lenzi ile ile. Weka alama ya kusimamia, jiwe au kisiki, na kwenye simu hifadhi picha ya kwanza ili ulinganishe fremu kila ukifika. Mi nafanya kila wiki ya nne.

Utaona vitu ambavyo hukuwa unavijua. Sehemu ya upeo ambapo jua linachomoza inahama: kati ya tarehe 21 Juni hivi na 21 Desemba hivi linasogea digrii karibu 47 hata ukiwa kwenye Ikweta yenyewe, na ukiwa mbali na Ikweta ni zaidi. Mwanzoni mwa mwaka wangu lilichomoza kulia kwa ule mti mkubwa, katikati ya mwaka likawa kushoto kwake kabisa, nikadhani nimesimama vibaya. Nilirudi kuangalia jiwe langu mara mbili.

18. Nifuate orodha ya mada za kila wiki?

Zipo nyingi mtandaoni. Kwa picha za asili mi sizipendi sana, mada inasema "rangi nyekundu" wakati nje kuna ukungu mzito wa mwaka. Kama unahitaji cha kukusukuma andika zako kumi kwenye karatasi, za akiba, uchomoe siku ukikwama tu.

## Baada ya kupiga

19. Nachaguaje moja kati ya mia?

Usichague siku hiyo hiyo. Siku uliyopiga bado unakumbuka ulivyopanda kilima, jasho na miiba, na unaipendelea ile iliyokutesa. Kaa siku moja. Halafu zipunguze ziwe ndogo skrini nzima ijae, picha ambayo jicho linaenda lenyewe ikiwa ndogo mara nyingi ndiyo. Kisha ikuze uangalie fokasi. Zikibaki mbili zinazofanana chagua inayojaza pengo, kama wiki tatu zilizopita zote ni machweo, chukua ya konokono.

20. Kuediti kiasi gani ni kudanganya?

Kila mtu ana mstari wake. Wangu: kukata fremu, kunyoosha upeo uliolala, mwanga, rangi kurudi kwenye nilichokiona, kufuta doa la vumbi la kwenye sensa (kile kibapa ndani ya kamera kinachopokea mwanga), sawa. Kubadilisha anga, kuongeza ndege ambaye hakuwepo, kutengeneza kitu kwa akili mnemba, hapana, kwa sababu huu mradi ni kumbukumbu ya wiki fulani na ile anga haikuwepo wiki hiyo. Ukitaka kufanya fanya, ila sema.

Na ile slaida ya kukoleza rangi, ivute mpaka upende, halafu irudishe nusu.

21. Nitunzeje picha zisipotee?

Nakala tatu, kwenye vitu viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba (hifadhi ya wingu inahesabika). Nasema hivi kwa uchungu. Nilikuwa nazo kwenye diski moja ya nje, ikaanguka kutoka mezani ikiwa inazunguka, sentimita 70 tu. Ilitoa mlio wa tik tik tik, basi. Wiki 17 zilibaki zile ndogo nilizokuwa nimeposti.

Jina la faili lianze na mwaka na namba ya wiki, mfano 2025-w07-umande. Zitajipanga zenyewe. Na usifute kadi mpaka uhakikishe nakala inafunguka, sio kuona tu jina lipo.

## Kesi za pembeni

22. Niposti na lokesheni?

Ya kilima au machweo, hiari yako, ingawa kumbuka mradi wako unapigwa karibu na nyumbani, picha 52 zenye lokesheni zinachora duara na katikati ya duara ni wewe. Simu inaandika mahali ndani ya faili lenyewe, zima kwenye setingi za kamera au iondoe kabla ya kutuma.

Ya kiota, tundu la mnyama, au mmea adimu, usiweke kabisa. Wapo wanaotafuta vitu hivyo kuvikamata na kuviuza, na hata wema wakija ishirini wanatosha kumfanya ndege aache mayai. Kiota kipige kwa mbali, usikate matawi yanayokificha, na ndege akianza kupiga kelele au akikataa kurudi wewe uko karibu mno, ondoka.

23. Vipi kuhusu shamba la mtu, watu kwenye fremu, na droni?

Shamba la mtu omba, ni dakika mbili na mara nyingi anakuonyesha kitu usichokijua. Mtu akitambulika usoni muulize. Droni sheria zake zinatofautiana nchi na nchi, sehemu nyingi inataka usajili au kibali na hifadhi nyingi zinakataza, angalia kabla ya kurusha. Mi situmii, ndege wengine wanaishambulia na wengine wanakimbia.

24. Nikisafiri, nikiumwa au nikihama?

Safari: piga huko, weka alama tu kwamba ni nje ya mpaka wako. Kuumwa: dirisha lipo, rudi kwa Niépce swali la 4, wiki zangu mbili za homa ni wingu lile lile na mjusi mmoja kwenye kioo. Kuhama: usianze upya. Endelea na namba, chora mpaka mpya. Albamu itakatika katikati na inapendeza hivyo.

25. Mbona kalenda yangu inaonyesha wiki ya 53?

52 mara 7 ni 364, mwaka una siku 365 au 366, kwa hiyo kuna kisiku kinabaki. Kwa hesabu ya ISO 8601 (kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, sio ile ISO ya kamera) wiki inaanza Jumatatu na wiki ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka, hivyo miaka mingine inafika 53, kama 2020 na 2026. Ukihesabu mwenyewe kuanzia siku yako haikuhusu. Kama unafuata kalenda, piga ya 53, ni moja tu.

26. Zikifika 52 nifanye nini nazo?

Chapa, hata chache. Kwa uchapaji mzuri hesabu nukta 300 kwa inchi: picha ya megapikseli 12 yenye pikseli 4000 kwa 3000 inatoka inchi 13 kwa 10. Kama ulikata ukabakiza nusu ya upana na nusu ya urefu zimebaki megapikseli 3, ni inchi 6 na kitu kwa 5, kwa hiyo kagua kabla ya kuagiza kubwa. Ongeza mwanga kidogo pia, skrini inawaka yenyewe, karatasi haiwaki, na chapa yangu ya kwanza ilitoka nyeusi kama imepigwa magharibi.

Zipange kwa wiki, usipange kwa uzuri. Na mapengo yaachie nafasi zake. Ukurasa wangu wa wiki ya 22 ni mweupe, umeandikwa chini "nimelala", na kila anayefungua albamu anasimama hapo kwanza anacheka.